Bi Shupaza Anajibu: Kadi ya Nne Ndiyo Yenye Bei

*Shikamoo Bi Shupaza. Mimi ni dereva wa malori, naishi Dallas, nyumbani ni Moshi. Juzi tulikwenda Las Vegas na wenzangu wawili, nikaingia mashindano madogo ya holdemu ya limiti, ile poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani. Tulianza watu 64 tukabaki 12, meza mbili za watu sita sita, na wanaolipwa ni 9. Dau lilikuwa 1,000 na 2,000, na blaindi, yaani madau ya lazima ya watu wawili kila mkono, ndogo 500 na kubwa 1,000. Nilikuwa na chipsi 11,000. Nikapewa jeki mbili, ya shupaza na ya uru. Mzee mwenye kofia pana, wa kwanza kuongea, akapandisha hadi 2,000. Nami nikapandisha hadi 3,000. Binti wa blaindi kubwa akafuata, mzee akafuata. Flopu, zile tatu za kwanza mezani: malkia wa kopa, nane ya kopa, nne ya pau. Wakapita wote wawili bila kuweka kitu, nikaweka 1,000, wakafuata. Kadi ya nne ikawa tano ya kopa. Binti akapita, mzee akaweka 2,000. Nikaona ananitisha, nikapandisha hadi 4,000. Binti akatupa. Mzee, bila hata kunitazama, akafikisha 6,000. Nikafuata. Kadi ya tano, mbili ya shupaza, nikamalizia 1,000 yangu ya mwisho. Akafunua ree na mfalme, zote kopa. Wenzangu wanasema ni mkosi tu, jeki mbili hazitupwi. Wewe unasemaje?*

Marahaba mwanangu. Wenzako wanakupenda, ndiyo maana wanakudanganya.

Kwanza niwape picha wasomaji ambao holdemu wameiona kwenye televisheni tu, ile ambayo kijana wa miwani myeusi anasukuma mlima wote wa chipsi katikati na watu wanasimama. Hiyo haina limiti. Kwenye limiti dau limekatwa tayari. Katika mashindano ya huyu ndugu yetu, kabla ya flopu na kwenye flopu, kila anayeweka au kupandisha ni kwa 1,000, hakuna zaidi. Ikifika kadi ya nne na ya tano, ni 2,000. Na kupandisha kuna mwisho wake, aghalabu mara tatu baada ya dau la kwanza, kisha mgawaji anafunga mjadala. (Chipsi, kwa wale wa nyumbani, ni vile vibao vya duara. Si za mayai.)

Sasa tuingie kwenye mkono wako. Kabla ya flopu sina neno. Meza ya watu sita, jeki mbili, mtu kapandisha mbele yako, unampandishia. Kwenye flopu pia ulifanya vizuri. Malkia amekukera, najua, lakini wamepita wote wawili na katikati kuna 9,500. Kuweka 1,000 ni sawa, kwa sababu usipoweka umewagawia kadi ya bure, na kila ree, kila mfalme na kila kopa ni adui yako. Tena walipe.

Shida yako ilianza dakika moja baadaye, na haikuanzia kwenye kadi. Ilianzia kwenye neno uliloandika mwenyewe: "ananitisha."

Hebu rudi ukae kwenye kile kiti. Katikati kuna 12,500. Mzee huyu ulimpandishia kabla ya flopu akakubali. Kwenye flopu alipita, ukaweka, akafuata kimyakimya. Imeshuka kopa ya tatu, naye bila kungoja uweke, mbele ya watu wawili, anaweka 2,000. Anamtisha nani? Kwenye limiti kutisha ni bidhaa ghali isiyo na wanunuzi. Baada ya dau lake katikati kuna 14,500, na wewe unatakiwa kulipa 2,000 tu uendelee kuwepo. Mtu mzima aliyekwisha kucheza meza mbili tatu anajua kwa bei hiyo hufukuzi mtu. Kwa hiyo anayeweka hapo anataka alipwe.

Wewe ukapandisha. Ulitaka nani atupe? Ulipofikisha 4,000 rundo lilikuwa 18,500, na mzee alitakiwa kuongeza 2,000. Yaani analipa moja kutafuta tisa na robo. Kwa bei hiyo hata mwenye malkia na karata ya ovyo analipa, hata mwenye kopa moja kubwa mkononi anayeingojea ya nne analipa akiimba. Aliye juu yako hatupi, aliye chini yako sana hakulipi. Huko ndiko kupandisha kubaya kuliko kote kwenye mchezo huu, na nimekuona umekufanya kwa ushujaa kabisa.

Tuseme uko nyuma. Karata za kukuokoa ni jeki mbili zilizobaki kati ya 46 usizoziona. Moja ya hizo mbili ni ya kopa, ambayo ikija inaweka kopa nne mezani. Kwa hiyo jeki ya kweli ni moja, ya pau. Na kwa mzee huyu, mwenye flashi (kopa tano), tena ya ree, hata hiyo ya pau isingekufaa kitu. Ulikuwa umeshakufa umesimama.

Basi ilikuwa kufuata tu, au kutupa? Hapa nitakwambia jinsi mimi ninavyohesabu, na wapo watakaonipinga. Kadi ya nne hainunuliwi peke yake. Ukilipa 2,000 ya nne, nakuhakikishia utalipa na 2,000 ya tano, maana rundo litakuwa limenona na moyo hautakubali kuondoka. Kwa hiyo usijiulize "nilipe elfu mbili?" Jiulize "nilipe elfu nne?" Ukilipa 4,000 hadi mwisho, unatafuta 14,500 pamoja na 2,000 yake ya mwisho, jumla 16,500. Unahitaji uwe mbele takriban mara moja katika tano. Kwenye meza ya kawaida ya pesa, na mzee nisiyemjua, huenda ningelipa. Lakini hapo mmebaki 12 na wanalipwa 9. Ukitupa unabaki na 7,000. Blaindi za mzunguko mzima ni 1,500, kwa hiyo una mizunguko minne na zaidi, mikono karibu 28. Najua dau hupanda kila baada ya dakika kadhaa, na ikipanda hesabu hiyo inapungua. Hata hivyo kuna watu watatu tu wa kutoka, na kwenye meza ya pili nina hakika kulikuwa na mtu mwenye chipsi chache kuliko zako akisali usiku na mchana uendelee kupandisha.

Ningetupa. Jeki zote mbili, nyuso chini, polepole, nisiwaoneshe.

Niseme na langu nisije nikaonekana mjuzi. Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, barabara za namba. Karata nilizijua barazani kwa wajomba, mchezo wa wahedi wa sitini, na mara ya kwanza niliposhika pakiti ya Kimarekani nilikuwa nimeshavuka miaka thelathini. Nikasomea ugawaji, nikagawa karata miaka kumi na minne katika jumba moja la karata pembezoni mwa Los Angeles. California waliiruhusu holdemu majumbani humo mwaka 1987 tu. Zamani kule Gardena, mji wa majumba ya karata karibu na Los Angeles, ilikuwa poka ya kubadilisha karata. Nilipoanza kazi, limiti ilikuwa imejaa ukumbi mzima kama daladala saa kumi na mbili jioni. Kisha mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, akashinda dola milioni 2.5 kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker, yasiyo na limiti, naye aliingilia mlango wa intaneti kwa dola chini ya mia. Basi. Vijana wote wakataka kusukuma milima. Meza zetu za limiti zikabaki na wastaafu na akina mama wa Kivietinamu wanaokunywa chai kwenye chupa walizotoka nazo nyumbani, na hao, mwanangu, usiombe ukae nao.

Baada ya kuacha kazi nikaanza kuingia mashindano madogo ya Jumanne. Siku moja tumebaki kumi, wanalipwa tisa. Mwanamume wa mbele yangu kaniongoza tangu flopu, mimi nina jozi ya tisa na ree ya pembeni, nafuata tu. Dau kubwa ni 2,000, na kwenye kadi ya tano katikati kuna 17,000. Akaweka 2,000 tena, akatulia kama nguzo. Nikaitazama ile bei: nalipa 2,000 kutafuta 19,000. Nikimshika mara moja tu katika kumi na nusu, pesa yangu imerudi. Hesabu hiyo nimeitazama mezani kwa watu miaka kumi na minne. Nikatupa. Nilitaka kubaki na zile 2,000 nilipwe nafasi ya tisa. Akafunua sita na tano, mfululizo uliokosa, akacheka, akanikusanyia rundo langu mbele ya macho yangu. Sikulala.

Ndiyo maana nasema kila mara: mahali pa kutupa ni kadi ya nne, bei inapopanda maradufu. Ukishavuka hapo ukafika ya tano na una kitu chochote kinachoweza kumshinda mtu aliyekosa, lipa. Wewe wa Dallas ulikataa kutupa pa kutupa, mimi nikatupa pa kulipa.

*Bi Shupaza shikamoo. Niko Minneapolis. Mume wangu ananicheka kwa sababu nikiwa blaindi kubwa, mtu akipandisha, mimi hulipa na karata ambazo yeye anaziita takataka. Juzi nililipa na tisa na nane ya pau, nikapoteza. Nani yuko sahihi?*

Marahaba mama. Mume wako amejifunzia holdemu isiyo na limiti, nakisia, ambako kupandisha kunaweza kuwa mara tatu au zaidi ya blaindi. Kwenu haiko hivyo. Tuseme dau ni 200 na 400. Blaindi 100 na 200. Mtu wa mwisho, mwenye kile kibao cha mgawaji, anapandisha hadi 400, blaindi ndogo anatupa. Katikati kuna 700 na wewe unaongeza 200. Unalipa moja kutafuta tatu na nusu. Kwa bei hiyo tisa na nane za maua mamoja unatupa kwa nini? Tena huyo wa mwisho hupandisha na karata nyingi, kwa sababu anajua ataongea baada yako raundi zote zinazofuata.

Ila angalia aliyepandisha ni nani. Akiwa wa kwanza kuongea kwenye meza ya watu tisa, wengine wote wakatupa, huyo ana kitu. Tisa na nane za maua mamoja bado ningelipa. Mfalme na nne za maua tofauti, hapana. Utampata mfalme mezani, utafurahi, naye atakuwa na mfalme na malkia, utamlipa mpaka kadi ya tano. Karata hizo zinaua watu polepole, dau moja moja, na hawajui wamekufa.

Na mwambie mzee wangu huyo: kupoteza mkono mmoja si ushahidi. Akitaka ushahidi aandike mikono mia.

*Nilipewa ree mbili, nikapandisha, watu watano wakanifuata! Nikapigwa na sita na tatu. Kwa nini kwenye limiti huwezi kuwaondoa watu? — Msomaji, Toronto.*

Kwa sababu bei ni rahisi, kama nilivyomwambia wa Dallas. Ree mbili huja mara moja katika mikono 221, kwa hiyo zikipigwa mtu huumia kama kaibiwa. Lakini sikiliza hesabu. Ree mbili mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 kati ya 100. Mbele ya watu watano, mara 49 hivi. Umesikia vibaya ukisikia 49 tu. Mmekuwa sita, umetoa sehemu moja ya sita ya rundo, na unalichukua karibu nusu ya mara. Biashara gani nyingine inakulipa hivyo? Waache wakufuate tu.

Ulichokosa kukiandika ndicho ninachotaka kukijua: kwenye kadi ya nne, mwenye sita na tatu alipokupandishia, ulifanya nini? Nahisi ulipandisha tena kwa sababu ni ree.

*Sasa Bi Shupaza! Mimi niko Nakuru na poka naicheza tangu darasa la nne. Nikibaki na moja nasema "niko kadi" na hakuna mtu hunishinda. Naweza kuja Amerika kushindana?*

Sasa, mjukuu. Hiyo poka yenu ya Kenya, ya kushindania kumaliza karata mkononi, naijua, tulicheza na wagawaji wenzangu wawili wa Kisumu nyuma ya jikoni wakati wa mapumziko, na niliaibika. Ni mchezo mzuri. Lakini ukikaa kwenye meza ya holdemu ukasema "niko kadi" utaitiwa msimamizi. Maliza shule kwanza.

*Nimefika mara mbili kwenye watu wawili wa mwisho, mara mbili nimeshindwa. Nangoja karata nzuri na chipsi zinaisha. — Baba wa watoto wanne, Columbus.*

Usingoje, baba. Mkiwa wawili, kila mkono mmoja wenu ni blaindi ndogo na mwingine kubwa, hakuna pa kujificha. Mwenye kibao cha mgawaji ndiye anayeweka blaindi ndogo. Anaongea kwanza kabla ya flopu na wa mwisho baada yake, na kuongea wa mwisho ni mali.

Kuna jambo utalipenda. Januari 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, walitangaza kwenye jarida la Science kwamba holdemu ya limiti ya watu wawili wameimaliza, kwa maana ya kwamba programu yao iitwayo Cepheus inacheza karibu sana na ukamilifu kiasi kwamba binadamu angecheza maisha yake yote asipate uhakika wa kuishinda. Iliyo bila limiti ni kubwa mno, haikumalizwa hivyo. Hii yetu imemalizwa. Na programu hiyo, ikiwa na kibao cha mgawaji, ni nadra sana ilipe nusu ya blaindi tu iingie. Ama inapandisha, ama inatupa, na inapandisha karata nyingi ambazo wewe unaziona aibu. Ukiwa na kibao, karata yoyote yenye ree, jozi yoyote, mfalme yeyote, pandisha. Jeki na saba, pandisha. Mwenzako naye anangoja karata nzuri kama wewe, mwache angoje.

Ukiwa blaindi kubwa, rudi kasome nilichomjibu mama wa Minneapolis, kisha ongeza ujasiri.

*Je, ni kweli mtu akizoea anaweza kujua karata za mwenzake kwa kumtazama usoni? — Muscat.*

Usoni sijaona kitu miaka kumi na minne. Watu wanajua kufanya nyuso. Mimi nilikuwa natazama mikono, kwa sababu mgawaji akikaa macho yake yako kwenye usawa wa mikono. Mtu anayengojea flashi huinua tena karata zake kuchungulia kopa zinaposhuka tatu, kwa sababu anakumbuka ana moja nyekundu na hana uhakika kama ni kopa au ni uru. Mwenye flashi tayari hachungulii. Na mwenye mkono mzuri kweli, kabla zamu yake haijafika, vidole vyake vimeshahesabu chipsi za dau na kuzitenga pembeni kidogo, nne nne, zimepangwa sawasawa. Yule mzee wa kofia pana wa Las Vegas sikuwepo kumwona, lakini ndugu yetu wa Dallas ameandika mwenyewe kwamba alifikisha 6,000 bila kumtazama. Chipsi zilikuwa zimeshahesabiwa.